Kiuno cha Bonge

9 Januari

Rula wangu,

Nakuandikia nimekaa, miguu iko juu ya stuli kama daktari alivyoagiza, kwa hiyo usianze kuniuliza habari za miguu. Huku wote wazima. Baba yako, kaka yangu huyo asiyejua kuumwa akanyamaza, ana goti, na goti lenyewe limekuwa redio: ukimsalimia tu linaanza kutangaza. Msusi wa ghorofa ya chini anakusalimu. Anasema kichwa chako kisiguswe na mtu mwingine huko ulikokwenda, na kikiguswa basi yeye asisikie.

Sasa tuje kwa Bonge, huo mmea wako. Umeondoka umeniachia karatasi ya masharti utadhani nimeachiwa mgonjwa wa moyo. Mwanga mwingi. Maji kidogo. Asiguswe-guswe. Ageuzwe kila wiki asije akaegemea upande mmoja. Na hayo maji kidogo yenyewe, eti mpaka udongo ukauke hadi chini kabisa, halafu nisubiri tena! Mwanangu, mimi nimekulea wewe na watoto wengine wa watu. Siwezi kunywa chai mbele ya kiumbe mwenye kiu.

Na alivyo sasa! Hana jani, hana tawi, hata mwiba hana. Mviringo kama mpira, kijani kilichochanganyika na kijivu, na ile mistari inayoshuka kutoka utosini kama mishono, ambayo hata mimi na cherehani yangu nisingeweza kuinyoosha vile. Kila anayeingia humu ananiuliza kama ni kitu cha kuliwa.

Unajua midomo ya watu wa jengo hili haina breki. Wanasema wasichana wakishapata kazi za mbali hawarudi, wanatuma picha tu. Mimi siwajibu, nawaonyesha dirisha. Nawaambia, huyo hapo, kamwacha mtoto wake aliyemlea tangu akiwa na ukubwa wa kifungo cha shati. Mwaka ukiisha anakuja kumchukua. Maadamu Bonge yupo dirishani kwangu, mimi nalala vizuri.

Uzi ulioomba huu hapa. Nimemzungushia kiunoni palipo panene, nikakata panapokutana. Sijui kwa nini usiridhike na neno langu kwamba ni mzima, lakini nani atabishana na wewe? Hukuitwa Rula bure. Ulikuwa unapima mpaka vipande vya mkate mezani usije ukapunjwa.

Usinipigie simu ya dukani. Kiwanda cha nyuzi kilikula masikio yangu, na nikiongea na simu mtaa mzima unajua mambo yetu. Andika.

Shangazi yako


2 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika inanukia mafuta ya cherehani. Nimeisomea mlangoni kabla ya kuvua viatu. Mpe baba pole ya goti, na Msusi mwambie kichwa changu kipo kama alivyokiacha, nimekifunga kitambaa.

Kazi ni nzuri. Maabara yetu ni chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, na meza zimepangwa kama madawati ya shule. Madaktari wa meno wanatuletea umbo la vinywa vya wagonjwa wao, sisi tunamimina plasta ndani yake igande, tunachonga nta, tunapanga meno ya bandia moja moja mpaka yakae kama ya kuzaliwa nayo. Mkuu wa maabara ni mama mmoja mrefu asiyetabasamu. Kazi yote hii ya meno, ya kwake hatujawahi kuyaona! Juzi alichukua kazi yangu, akaigeuza geuza mkononi, akairudisha mezani bila neno. Wenzangu wanasema hiyo ndiyo sifa yenyewe.

Chumba changu nacho kizuri. Kina kabati kubwa. Dirisha linatazama ukuta wa jengo la pili, kwa hiyo sihitaji hata pazia.

Uzi nimeubandika juu ya kitanda baada ya kuupima kwa kipimo cha kazini. Bonge amepungua kidogo tangu nilipoondoka, na ndivyo inavyotakiwa msimu huu. Tafadhali usimwonee huruma. Jamaa zake wanaishi kwenye mawe na jua, maji yao wanayabeba tumboni. Ukimmiminia kwa kudhani ana kiu, mizizi inaoza chini kimyakimya huku juu unamwona anang'aa. Na akichubuka usimshike kwa mkono mtupu. Utomvu wake ni mweupe kama maziwa, ukikuingia jichoni utakiona cha mtema kuni.

Wewe je, unakula vizuri? Tangu nimeondoka unakula na nani?

Rula wako


11 Machi

Mwanangu Rula,

Baba yako amekuja, amekaa siku mbili, ameondoka. Alipofika alisema taa yangu ya jikoni inamulika vibaya, akaitengeneza, sasa haiwaki. Msusi ameniletea nguo za wateja wake nizipunguze, kazi ninayo mpaka juu ya kitanda. Kwa hiyo tuna afya na tuna giza jikoni.

Umeniuliza nakula na nani. Nakula na Bonge. Nimesogeza meza mpaka dirishani, yeye upande wake, mimi wangu. Msusi alinikuta namsimulia habari za kiwandani, jinsi tulivyokuwa tunaongea kwa midomo bila sauti kwa ajili ya kelele za mashine. Alinitazama kama mtu anayefikiria kwenda kumwita daktari. Nikamwambia, huyu angalau hanikatizi.

Na amependeza, Rula! Ile mikunjo ya chini aliyokuwa nayo ulipoondoka imenyooka yote. Ngozi imejaa, inang'aa, mishono imetanuka kama sketi iliyovaliwa na mwenye haki yake. Wapangaji wa juu wamekuja kumwona. Tazama uzi mwenyewe kama natia chumvi. Karatasi yako ya masharti ipo, imebandikwa ukutani, naiheshimu. Ila nikisuuza mchele au vikombe, yale maji si ya kutupa, na kijiko kimoja hakimuui mtu.

Na wewe hukusema. Unakula na nani?

Shangazi yako


5 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Salamu kwa wote, na pole na giza. Mwite fundi wa kweli, usimwambie baba.

Nimeupima uzi wako mara tatu nikidhani mkono wangu umekosea. Shangazi, huko siyo kupendeza. Mmea huu unaongezeka unene wa ukucha kwa mwaka mzima, na wewe umenitumia kiuno cha mtu mwingine! Huyo amevimba maji. Vijiko vyako ni vingapi kwa siku? Usinijibu, nisije nikaumwa.

Tafadhali leo hii acha maji kabisa, hata tone. Msogeze mbali na meza yako ya kulia, maana najua mkono wako. Halafu mbonyeze kwa kidole pale chini anapogusana na udongo. Lazima awe mgumu kama kiazi kibichi. Akilegea hata kidogo, niandikie siku hiyohiyo.

Kazini kuna mzee mmoja mwalimu wa kwaya, meno yamemtoka yote na ana onyesho karibuni. Nimempangia meno nikaacha pengo dogo sana mbele, kwa sababu alituletea picha yake ya ujana na alikuwa nalo. Alipoyavaa akaimba hapohapo kwenye korido. Mkuu alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha.

Nasubiri jibu la kidole.

Rula


20 Mei

Rula wangu,

Usinione nimechelewa, kulikuwa na mambo. Sare za shule moja nzima zimeniangukia, kola mia na moja, mpaka ndoto zangu zina kola. Goti la baba yako limehamia kwenye nyonga. Anasema ni hali ya hewa, mimi nasema ni ubishi. Msusi amegombana na mwenye nyumba kuhusu bomba, wakapatana, wakagombana tena, na bomba bado linavuja. Kwenye ngazi wamepaka rangi mpya, ya kijani ya hospitali. Kila mtu amechafua nguo isipokuwa mimi, kwa sababu mimi nilishuka nikiwa nimejibana kama karatasi ndani ya bahasha.

Mwalimu wa kwaya nimempenda. Nimewasimulia watu wa jengo zima, sasa wote wanajua kwamba wewe ni fundi mkubwa huko.

Bonge yupo. Uzi huu hapa.

Shangazi yako


28 Juni

Rula,

Mwezi mzima kimya! Hata mstari mmoja wa kusema shikamoo? Nimeshuka kwenye sanduku la barua mpaka Msusi ameniuliza kama nimeajiriwa posta. Kama unaumwa, sema. Kama umekasirika, sema pia, mimi nimezoea kelele.

Hapa hatujambo. Baba yako anakusalimu.

Bonge hajambo. Uzi huu.

Shangazi


16 Julai

Shangazi, shikamoo. Baba vipi nyonga yake? Msusi hajambo? Haya, nimeshasalimu, na naomba radhi kwa nitakayosema.

Nyuzi za Mei na Juni nimezilaza kando ya uzi wa Machi. Ni sawasawa. Sisemi zinakaribiana, nasema sawasawa kabisa, na ncha zote zimekatwa kwa mshazari mmoja, mkasi umepita mara moja tu. Kitu chenye uhai hakikai hivyo. Kinavimba, kinanywea, kinaegemea. Mimi kazi yangu ni vinywa vya watu, na hata ufizi wa asubuhi si ufizi wa jioni. Shangazi, nyuzi zote hizi ulizikata siku moja.

Ameoza, siyo?

Siulizi ili nikugombeze. Nimeshakugombeza peke yangu humu chumbani mpaka hasira imeisha. Nauliza kwa sababu kama juu bado ni mgumu, anaweza kupona. Fanya hivi. Mng'oe. Chukua wembe mpya, uupitishe kwenye moto. Vaa glavu, ziba macho. Kata sehemu iliyooza, halafu ufute wembe, ukate tena kipande chembamba, na tena, mpaka usione doa hata moja la kahawia. Palipooza pamekauka utomvu. Pazima panatoa maziwa. Ukishaona maziwa pande zote, mwoshe, mpake unga wa mkaa kwenye kidonda, umlaze kwenye gazeti mahali pakavu. Umwache huko wiki nyingi, kidonda kiwe kigumu kama kisigino. Usimpe maji. Usimhurumie. Usimsimulie habari za kiwanda.

Kuhusu ukimya wangu, siumwi. Sikuwa na la kuandika. Ni maabara, chumbani, maabara. Nilikuwa nangoja kitu kizuri kitokee nikuambie, kikachelewa. Lakini usiwe na wasiwasi, kazi ni nzuri.

Rula


9 Agosti

Rula wangu,

Umenikamata. Nyuzi nilizikata siku moja, ile ya Machi, ili nisimguse-guse kila mwezi, nikaziweka ndani ya kopo la vifungo, nikawa natoa mojamoja. Nilimbonyeza kama ulivyosema, kidole kikaingia. Tangu siku hiyo nikawa nakula chakula changu jikoni, kwenye giza, nisimwone.

Na nitakuambia kwa nini nilinyamaza, maana sasa nimechoka kubeba. Niliogopa kwamba Bonge akifa hutakuwa na sababu ya kurudi. Basi. Hilo ndilo lililokuwa kooni.

Barua yako ilipofika nilimwita Msusi. Yeye alivaa glavu zake za dawa ya nywele, mimi miwani ya kuogelea ya mwanawe, imenibana mpaka masikio yakasimama. Baba yako alikuwepo, akakaa mlangoni na nyonga yake, akashauri tupake grisi. Msusi akamwambia anyamaze, na yeye, ajabu, akanyamaza.

Nilikata. Ndani palikuwa na rangi ya chai na harufu ya kabichi iliyosahauliwa. Nikafuta wembe, nikakata tena, bado chai. Rula, nimekata vitambaa vya maharusi huku nikipiga soga, lakini kwa huyu kila mkato niliupima kwa jicho mara tatu. Kila kipande nikidhani ndicho cha mwisho, kumbe katikati bado kuna doa. Msusi akawa anasema, "Punguza tu, mama, punguza, nywele huota." Kipande cha tano sijui cha sita, tone jeupe likatoka pembeni. Halafu lingine. Halafu maziwa yakamwagika pande zote, meupe safi, na mimi mtu mzima nikapiga kelele ya furaha mpaka wa juu wakagonga sakafu.

Aliyebaki ni nusu. Nimempaka mkaa, nimemlaza kwenye gazeti juu ya kabati la nguo. Uzi sikutumii. Kwa sasa hana kiuno.

Nisamehe.

Shangazi yako


4 Septemba

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeisomea kazini wakati wa mapumziko, na nilipofika kwenye miwani ya kuogelea nilicheka mpaka mkuu wa maabara akainua kichwa. Nimeshakusamehe zamani. Mkono wako umefanya kazi ambayo wengi wangeshindwa. Sasa subiri tu. Huna la kufanya, na najua kwako hiyo ndiyo adhabu.

Nina jambo. Mkuu ameniita ofisini. Mkataba wangu unaisha Januari na anataka nisaini mwingine wa miaka miwili, kwenye meza kubwa ya kazi ngumu, meza ambayo wenzangu waliofika kabla yangu wanaitamani. Nilimshukuru. Nikasema nitamjibu.

Sijamjibu. Ni nafasi nzuri, kila mtu ananiambia hivyo, na nikikataa huko nyumbani watasema nini? Umeshawaambia jengo zima kwamba mimi ni fundi mkubwa. Sitaki ushuke ngazi zile za kijani watu wakikutazama.

Wewe unasemaje? Na Bonge, kidonda kimekuwa kigumu?

Rula


27 Septemba

Rula wangu,

Hapa wote wazima. Nyonga ya baba yako imetulia.

Bonge amekufa. Nilimshusha kabatini Jumapili nikamkuta amesinyaa kabisa, mwepesi kama soksi tupu. Nimemfukia kwenye kopo uani, Msusi alikuwepo. Usijilaumu kwa maelekezo yako, yalikuwa sahihi. Mkosaji ni mimi na vijiko vyangu.

Kwa hiyo huku hakuna kitu chako kilichobaki kinachokungoja. Saini hiyo miaka miwili. Kazi nzuri, meza kubwa, chumba chenye kabati, na mkuu anayekutaka mpaka anakuita ofisini. Watu wa jengo niachie mimi. Nina baba yako, nina Msusi, nina cherehani. Siwezi kukufunga kamba mguuni kwa sababu ya mpira mmoja wa kijani.

Usije ukadhani nakufukuza. Nakupenda, ndiyo maana.

Andika ukishasaini.

Shangazi yako


22 Oktoba

Shangazi, shikamoo.

Barua yako ilinikuta nachanganya plasta. Nilisoma nimesimama, nikalia nimesimama, mpaka plasta ikaganda ndani ya bakuli na kijiko chake. Mkuu akaja. Nikamwambia nimefiwa nyumbani. Hakuuliza nani, akanipa ruhusa ya nusu siku.

Nilitembea mitaani mchana wote. Nikajiambia, haya, sasa umefunguliwa, hakuna cha kukurudisha, nenda kesho ukasaini. Nikangoja nijisikie mwepesi. Sikujisikia. Na kadiri nilivyotembea ndivyo nilivyoona kwamba simlilii Bonge, ingawa nilimpenda na nilimlea. Kilichoniliza ni ule mstari wako, eti huku hakuna kitu chako kilichobaki. Shangazi! Na wewe je? Wewe si wangu?

Umeniuliza tangu Machi nakula na nani. Nakula peke yangu, nimesimama, karibu na sinki, kwa sababu nikikaa natazamana na ukuta wa jengo la pili. Tangu Februari nakuandikia habari za kabati kwa kuwa ndicho kitu pekee kizuri humo ndani. Kazi naipenda, hilo si uongo. Lakini nataka kuifanya mahali ambapo mtu niliyemtengenezea meno nitamkuta dukani ananunua mkate, aniambie yanambana au hayambani. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unajivuna, na nilipenda unavyojivuna.

Nimemwambia mkuu hapana. Nilieleza kwa urefu, nikijiuma-uma, nikidhani atakasirika. Akacheka. Ana mwanya, Shangazi, mwanya mzuri kabisa! Akasema hata yeye aliwahi kuondoka kwenye meza nzuri, na ameahidi kuniandikia barua ya sifa. Yule daktari wa meno wa kona ya mtaa wetu, kazi zake zote anazipeleka mbali na wagonjwa wake wanangoja wiki na wiki wakila vitu laini. Nitakwenda kumwona na barua hiyo mkononi. Akikataa nitatafuta mwingine, na watu kwenye ngazi watasema watakayosema.

Narudi wiki ya kwanza ya Januari. Bonge hayupo na narudi vilevile.

Rula


10 Novemba

Rula wangu,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama karibu na hilo sinki lako, ondoka, vuta kiti, upe mgongo huo ukuta.

Baba yako mzima. Msusi mzima, na ameshaanza kupiga hesabu ya kichwa chako kitamchukua saa ngapi.

Bonge hajafa.

Usipige kelele. Barua yako ya Septemba ilipofika nilimshusha kabatini. Alikuwa amenywea lakini mgumu, na kidonda kimekuwa kisigino kabisa kama ulivyosema. Nilikuwa na furaha ya kukimbilia kalamu. Halafu nikasoma tena pale uliposema hujamjibu mkuu wako, na unaogopa watanitazama kwenye ngazi. Nikamtazama huyu nusu mtu kwenye gazeti, nikaona kwamba mwaka mzima nimemweka dirishani kama askari wa kukulinda usitoroke. Nikaona aibu. Nikasema bora nimuue kwenye karatasi, uchague ukiwa huru. Msusi alinikataza. Alisema utalia. Mimi nikasema atalia kidogo, atasaini. Nilikujua vibaya, mwanangu, na sijawahi kufurahia kosa langu lolote kama hili.

Nyuzi uliziona, ila hili hukuliona. Usijisikie vibaya, nimepata mazoezi ya uongo.

Nilimpanda kwenye kokoto na mchanga wa chenga, nikamwacha. Kumwacha kumenitoa jasho kuliko miaka yangu yote ya kiwandani. Maji ya mchele namwaga kwenye sinki huku nimefumba macho. Amekaa upande, amepungua, ana kovu utadhani ameshonwa na mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Jana nilimshika utosini kwa vidole viwili nikamvuta kidogo sana. Akagoma. Nikavuta tena. Akagoma tena! Ana mizizi, Rula.

Fundi wa taa amekuja na jikoni kunawaka. Daktari wa meno wa kona sijamwambia neno, huyo ni wako. Watu wa jengo nimewaambia unarudi, wakauliza kwani kumetokea nini huko, nikawajibu hakuna kilichotokea, amependa tu kurudi. Wakarudi kwenye habari za bomba, ambalo bado linavuja.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka imelainika kwenye mikunjo. Ile sehemu unayosema unarudi ingawa Bonge hayupo, naisoma kwa sauti, kwa sauti yangu hiyohiyo ya kiwandani, na nalia kila mara. Lakini huwa nakwenda kuisomea jikoni. Sitaki Bonge asikie.

Shangazi yako